Pia ya goti imerudi mahali pake? Usirudi uwanjani bado

Chukulia ni Jumapili jioni, uwanja wa vumbi mtaani, mechi imekolea. Unageuka ghafla kumkwepa beki. Kiatu kimekwama chini, mwili umeshaenda, goti limebaki. Unasikia kitu kikiruka, unaanguka, na ukitazama unaona pia ya goti imehamia upande wa nje. Unapiga nduru. Msee mmoja anakunyoosha mguu polepole, pia inateleza, inarudi. Maumivu yanapungua pale pale, na wote waliokuzunguka wanakupa pole moja: "Imerudi buda, uko fiti. Weka barafu, wikendi tuko pamoja."

Hauko fiti. Kurudi kwa pia kumemaliza sehemu ile tu inayoonekana kwa macho.

Ebu tuangalie goti lenyewe. Pia ni mfupa mdogo ulioshikiliwa na kano ya msuli wa paja. Ukikunja na kunyoosha mguu, pia inapanda na kushuka kwenye mfereji ulio mwisho wa mfupa wa paja, kama dirisha la kuteleza kwenye reli yake. Upande wa ndani kuna kano nyingine, nyembamba, inayoivuta isitoroke kwenda nje. Madaktari wanaiita MPFL. Pia ikiteguka, karibu kila mara hutokea upande wa nje, na haiwezi kufika huko bila kuivuta hiyo kano kupita kiasi au kuichana kabisa. Kwa wengi walioteguka mara ya kwanza, kipimo huikuta imechanika.

Kisha kuna gegedu. Ile sehemu nyeupe, laini lakini yenye ukakasi, unayotafuna mwisho wa mfupa wa kuku? Hiyo ndiyo. Kwenye goti lako imefunika nyuma ya pia na uso wa ule mfereji ili mifupa iteleze bila kusagana. Gegedu ya pia ni kati ya zilizo nene zaidi mwilini, lakini ina udhaifu wake: haina mishipa ya damu wala ya fahamu. Kwa sababu haina damu, ikiumia hujirekebisha kwa shida sana. Na kwa sababu haina fahamu, inaweza kuumia wewe usijue.

Sasa sikiza hapa, maana wengi hawajui. Madhara hutokea hata pia inaporudi. Ikiwa njiani kurudi, inagonga ukingo wa nje wa mfupa wa paja. Hapo gegedu inaweza kubanduka, wakati mwingine pamoja na kipande cha mfupa, na kipande hicho kikabaki kuelea ndani ya goti. Wiki chache baadaye unashangaa mbona goti linakwama katikati ya hatua, au linakuachilia ukishuka ngazi.

Goti likivimba saa chache tu baada ya kuumia, mara nyingi ndani kuna damu. Daktari akilitoa maji kwa sindano akakuta damu yenye matone ya mafuta, hiyo ni dalili kwamba kuna mfupa uliovunjika humo ndani.

"Eksirei imesema niko sawa"

Eksirei inaonyesha mifupa. Haionyeshi gegedu, haionyeshi kano. Kwa hivyo ukiambiwa hakuna kilichovunjika, usielewe kwamba hakuna kilichoumia. Kinachoonyesha vitu hivyo ni MRI, na najua unachofikiria: doo iko wapi? Ni kweli, MRI si bei ya sahani ya chipo. Lakini kabla hujakata tamaa, omba upimwe na daktari wa mifupa, muulize kama picha ya eksirei ya kutokea juu ya goti itasaidia, na ikiwa umejisajili SHA, uliza mapema ni kipi kinacholipiwa. Goti linalokwama au lililovimba haraka lina sababu nzuri ya kupigiwa MRI. Mwambie daktari dalili hizo kwa maneno yako mwenyewe, usisubiri akuulize.

Kuna mjuaji atakutajia Patrick Mahomes, yule nyota wa futiboli ya Marekani. Ni kweli, tarehe 17 Oktoba 2019, akiwa na Kansas City Chiefs mjini Denver, pia ya goti lake la kulia iliteguka na madaktari wakairudisha pale pale uwanjani. Alikosa mechi mbili tu. Novemba 10 alikuwa amerudi, na Februari 2, 2020 akashinda Super Bowl. Ila mjuaji huyo husahau katikati: Mahomes alipigwa MRI siku iliyofuata, haikuonyesha madhara makubwa, na kila siku alikuwa mikononi mwa wataalamu. Alirudi mapema kwa sababu walijua kilichomo ndani. Wewe ukirudi baada ya wiki tatu bila kupimwa, unabahatisha.

Na kubahatisha huku kuna gharama. Tafiti mbalimbali zimeonyesha kuwa kati ya asilimia 15 na 44 ya wanaotibiwa bila upasuaji baada ya kuteguka mara ya kwanza huteguka tena, na ukishateguka mara ya pili, uwezekano wa ya tatu unapanda zaidi. Kila safari inaweza kukwangua gegedu nyingine. Hivyo ndivyo mtu anajikuta na goti la mzee kabla ya miaka 40. Kama riziki yako ni boda, mjengo au kusimama dukani kutwa, hapo tunaongea kuhusu unga, si mpira peke yake.

Wengine wako hatarini zaidi bila kosa lao: vijana ambao bado wanakua, waliozaliwa na mfereji usio na kina, wenye pia iliyokaa juu kuliko kawaida, wenye viungo vinavyopinda kupita kiasi, au wenye ndugu aliyewahi kuteguka.

Siku ya kwanza

Mechi imeisha kwako, hata kama unaweza kutembea. Kama pia haijarudi, mtu asiisukume kwa nguvu. Fungeni mguu jinsi ulivyo, uende hospitali. Boda si ambulensi: kukaa umekunja goti lililoteguka ni mateso ya bure. Tafuta gari ambalo utanyoosha mguu kwenye kiti cha nyuma. Barafu iwekwe ndani ya kitambaa, dakika 15 hadi 20, kisha ipumzishwe. Mguu uinuliwe. Na yule jirani wa kukanda mwambie asante, lakini hapana. Goti lililojaa damu ukilikanda kwa nguvu unaliongezea uvimbe.

Baada ya hapo

Wengi hutibiwa bila kisu: kifaa cha kushikilia goti kwa wiki kadhaa, kisha mazoezi. Hapa ndipo vijana wengi hupotea, kwa sababu mazoezi hayana stimu. Kukaza msuli wa paja mguu ukiwa umenyooka, kuinua mguu, kuimarisha nyonga, leo, kesho, keshokutwa. Lakini paja likikaa bila kazi hupungua haraka, na pia inategemea paja hilo ili ibaki kwenye reli. Upasuaji huja pale kipande kinapoelea ndani au goti linapoteguka mara kwa mara. Daktari huchukua kano, mara nyingi ya nyuma ya paja lako mwenyewe, na kuitumia kutengeneza ile MPFL upya. Ukifanyiwa hivyo, hesabu miezi sita au zaidi kabla ya mechi. Bila upasuaji, wengi huhitaji kama miezi mitatu au minne.

Kalenda peke yake haitoshi, lakini. Uvimbe uwe umeisha, goti likunje na kunyooka lote, na uweze kurukaruka kwa mguu ule mmoja karibu sawa na mwingine.

Ukienda kliniki, andika haya maswali matatu kwenye simu: Kano yangu imechanika kiasi gani? Kuna kipande chochote cha gegedu kilichobanduka? Nipimwe vipi kabla ya kuruhusiwa kucheza? Usitoke humo bila majibu. Na kocha akipiga simu Ijumaa kuuliza kama ana namba yako Jumapili, msomee majibu hayo.