Uwanja ni wa Darasa Zima



Katika mikutano yetu ya Gitega na Muyinga tumezoea kuzungumza mishahara, mikataba na vifaa vya kazi. Hayo yataendelea. Lakini mara hii naomba tuitazame saa ya michezo ya watoto wetu shuleni, maana saa hiyo inaliwa mchana kweupe.

Nenda shule yo yote siku ya michezo. Mwalimu ana mpira mmoja. Anawaita wale wanaojua, kumi na mmoja huku na kumi na mmoja kule, karibu wote wavulana wakubwa. Waliobaki wanakaa pembeni kwenye majani, au wanatumwa kuchota maji na kufagia. Tuseme darasa lina watoto 80, na madarasa makubwa tunayo tele tangu ada ya shule ya msingi ilipofutwa mwaka 2005. Watoto 22 wamecheza, watoto 58 wametazama. Je, tajiri akiwapa kazi watu 22 na kuwaambia 58 wakae watazame, tungelikaa kimya?

Wapo wazazi wanaosema: mtoto wangu hana kipaji cha mpira, basi aache asome. Lakini hatuulizi kwanza kama mtoto ana kipaji cha hesabu ndipo tumfundishe hesabu. Wapo tena wanaosema: mtoto wangu anapanda kilima na bidoni ya maji kila asubuhi, mazoezi gani tena anayataka? Neno hili lina uzito, na anayelisema si mvivu wa kufikiri. Lakini bidoni ni kazi. Mtoto hacheki akiwa na bidoni kichwani. Shirika la Afya Duniani linashauri kila mtoto wa miaka 5 hadi 17 autumie mwili wake kwa wastani wa dakika 60 kwa siku, na Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Burundi iliuridhia mwaka 1990, unataja katika kifungu cha 31 haki ya kupumzika na kucheza. Haukuandika kwamba haki hiyo ni ya mfungaji wa mabao peke yake.

Wengi wetu tunalijua jina la Vénuste Niyongabo, aliyeshinda mita 5,000 huko Atlanta mwaka 1996. Hadi leo hiyo ndiyo dhahabu pekee ya Burundi katika Michezo ya Olimpiki. Jambo linalosimuliwa mara chache ni hili: mbio yake hasa ilikuwa mita 1,500, na huko ndiko watu walikomtazamia ashinde. Alimwachia nafasi hiyo mwenzake Dieudonné Kwizera. Kwizera alikuwa mkimbiaji wa miaka mingi, lakini mwaka 1988 na mwaka 1992 hakuweza kushiriki Olimpiki kwa sababu nchi yetu haikuwa na kamati ya Olimpiki. Basi Niyongabo akaenda kwenye mita 5,000, mbio ambayo hakuwa na mazoea nayo. Kwizera hakurudi na medali, lakini alikimbia. Mimi nikiongea na walimu huwapa habari hii nzima, na sehemu ya Kwizera siiruki.

Na wasichana? Hapo hali ni mbaya zaidi. Francine Niyonsaba, aliyeleta medali ya fedha ya mita 800 kutoka Rio mwaka 2016, ni mtoto wa Ruyigi, majirani zetu wa Muyinga. Lakini msichana wa darasa la sita bado anaambiwa mpira si wake. Mara nyingine anayemzuia ni mama yake mwenyewe, na sababu ni nguo: sare ya kaki ni moja tu, ikichanika hakuna nyingine. Mama huyo asitukanwe. Dawa ni kumruhusu mtoto aje na nguo kuukuu ya kuchezea siku ya michezo, na direkta anaweza kuruhusu hilo bila kugharimu hata faranga moja.

Kuna jambo jingine lililotujia hivi karibuni. Sheria ya mwaka 2023 ilipunguza mikoa yetu kutoka 18 hadi 5, na Muyinga sasa imo katika mkoa wa Buhumuza pamoja na Ruyigi na Cankuzo. Kama kila mkoa utapeleka timu moja kwenye mashindano ya nchi nzima, mlango utakuwa mwembamba kuliko zamani na safari itakuwa ndefu. Tukitegemea mashindano peke yake, watoto watakaocheza watazidi kupungua. Mchezo wa kila juma, pale pale shuleni, ndio utakaowafikia wengi.

Hauhitaji fedha nyingi. Uwanja mmoja ugawanywe mara nne kwa vijiti, watoto watano wacheze na watano katika kila kipande. Hapo wanacheza 40 kwa pamoja. Baada ya robo saa wanaingia 40 wengine, na darasa zima limecheza. Mpira wa majani makavu ya migomba tuliucheza sisi sote na haujamuua mtu. Kuna kuvuta kamba, kuruka kamba, na mbio za kupokezana kijiti ambamo hata mwenye mbio ndogo anangojewa na wenzake. Mwalimu asiwapigie kelele wanaokosa. Mtoto aliyechekwa mbele ya wasichana na wavulana hatarudi juma lijalo. Huko Norway, nchi inayozoa medali za michezo ya theluji, kanuni za michezo ya watoto haziruhusu kutangaza orodha za matokeo kwa walio chini ya miaka 11. Na bado wanashinda wakiwa wakubwa.

Uwanja ukiwa na mashimo, zipo kazi za pamoja za Jumamosi asubuhi. Majembe tunayo. Tuombe kwa wakubwa wa kilima Jumamosi moja iwe ya kusawazisha uwanja wa shule.

Neno la mwisho litawaudhi baadhi ya wenzetu. Kahawa ikiiva, wapo wanaomwomba mwalimu amwachie mtoto saa ya michezo ili akachume au akachambue, kwa kuwa wanaona saa hiyo si masomo. Najua kilo moja ya kahawa inalipa nini, na najua njaa ya nyumbani. Lakini hatuwezi kumdai tajiri saa zetu za kupumzika huku tukimnyang'anya mtoto saa yake.

Kwa hiyo, kabla ya mavuno kuanza mwezi wa tatu, kila tawi lichague wanachama wawili, mama mmoja na baba mmoja, waende kwa direkta wa shule iliyo karibu pamoja na kamati ya wazazi. Waende kwa heshima, maana mwalimu naye ni mfanyakazi na darasa lake limejaa. Wamwulize mipira ni mingapi, uwanja una shida gani, na wasichana wanacheza siku gani. Majibu yaandikwe na yasomwe katika mkutano wa tawi unaofuata.