Fahamu: Vipokezi vya bangi mwilini ni nini?

Bangi, iwe imekamatwa Tarime au mitaani Mwanza, hulevya kwa sababu seli zetu zina vipokezi: protini zinazopokea kemikali kama kitasa kinavyopokea ufunguo.

Viko wapi?

Kipokezi cha CB1, kilichobainishwa Marekani mwaka 1988, kimejaa ubongoni, kwenye maeneo ya kumbukumbu, njaa na maumivu. Ndiyo maana mvutaji husahau alichotaka kusema, kisha akamaliza sato mzima peke yake.

CB2, kilichotambuliwa 1993, kiko zaidi kwenye seli za kinga na wengu. Husaidia kutuliza uvimbe.

Kwa nini tunavyo?

Si kwa ajili ya bangi! Mwili hutengeneza kemikali yake inayopokelewa na vipokezi hivi, anandamaidi, iliyogunduliwa 1992.

Na sheria?

Nchini Tanzania, Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015 inakataza kulima, kuuza na kuvuta bangi.