Cyrano, manyoya na silabi 12

Muhula uliopita tulionyesha katika ukumbi wa fakulte filamu ya Cyrano de Bergerac ya Jean-Paul Rappeneau (1990), na mimi ndiye niliyeandika maneno ya Kiswahili chini ya picha. Kwa saa mbili na zaidi watu walitulia. Kisha Cyrano akafa. Neno lake la mwisho ni panache, nami nilikuwa nimeandika "manyoya yangu". Mtu wa nyuma akapaza sauti: "Kumbe ni kuku!" Ukumbi mzima ukacheka, nami nikatamani ardhi inimeze.

Tamthilia ya Edmond Rostand ilichezwa mara ya kwanza Paris tarehe 28 Desemba 1897, ikashangiliwa mno. Cyrano, askari mshairi mwenye pua kubwa, anampenda binamu yake Roxane, lakini anamwandikia barua kwa niaba ya Christian, kijana mzuri wa sura asiyejua kusema. Yaani mwanamke anapenda maneno, na maneno hayo hayatoki kwa yule anayemtazama. Yote yamo katika mistari ya alexandrin: silabi 12, na kituo baada ya ile ya 6.

Rappeneau na Jean-Claude Carrière walikata sehemu nyingi, wakatunga mistari yao michache, lakini ushairi hawakuuacha. Wahusika wanausema wakitembea, wakipigana, wakila. Gérard Depardieu alipata tuzo ya mwigizaji bora Cannes, filamu ikachukua César 10 mwaka 1991, na Ufaransa peke yake ilitazamwa na watu zaidi ya milioni 4. Hata hivyo wako wahakiki walioiweka katika fungu la filamu za urithi: mavazi ya kupendeza, fedha nyingi, ujasiri haba. Lawama hiyo ni ya zamani. Tangu 1954 François Truffaut alikuwa ameishambulia sinema ya Ufaransa iliyojivunia "ubora" wake. (Oscar moja iliyopata filamu hii, kati ya tano ilizoshindania, ilikuwa ya mavazi. Wahakiki hao lazima walitabasamu.)

Mimi naona lawama hiyo inatazama nguo na kusahau sikio. Tulinganishe. Filamu ya Marekani ya 1950 ilitumia tafsiri ya Brian Hooker, yenye mizani lakini isiyo na vina. José Ferrer alipewa Oscar, watazamaji wakawa wachache. Mwaka 1987 Steve Martin alitoa Roxanne, akauacha ushairi na kumfanya Cyrano mkuu wa wazimamoto katika mji mdogo, watu wakaipenda. Mtu angesema basi ushairi ndio unaowafukuza watu sinemani. Filamu ya 1990 inakataa. Kwa wasomaji wa Kiingereza, Anthony Burgess aliandika maneno ya chini ya picha kwa mizani na vina, ili jicho lipate angalau sehemu ya kile ambacho sikio limekikosa.

Hapo ndipo nilipojikwaa. Kiswahili kinajua kuhesabu: shairi la kawaida lina mizani 16 kwa mstari, 8 na 8. Nilidhani 6 na 6 itakuwa rahisi. Lakini maneno yetu ni marefu. "Je t'aime" ni silabi 2; "ninakupenda" ni 5, na hata tukifupisha "nakupenda" kama tusemavyo hapa Lubumbashi, ni 4. Tena nafasi ni mistari miwili ya herufi kama 40 kila mmoja. Nikaanza kwa kuacha vina, nikaacha mizani, nikabaki na maana tu.

Na maana yenyewe ikanitoroka. Panache ni kishada cha manyoya juu ya kofia ya vita. Mfaransa aliyesoma shule anamkumbuka mfalme Henri IV na kishada chake cheupe. Ni pia ushujaa unaojipamba, unaotaka kuonekana hata unaposhindwa. Hooker naye alichagua unyoya mweupe. Lakini Mwingereza ana picha ya shujaa mwenye kofia ya manyoya. Ukumbi wetu ulikuwa na kuku.

Ajabu ni kwamba katika onyesho la chini ya roshani, Cyrano akisema gizani badala ya Christian, maneno yangu yalikuwa makavu kabisa, na bado ukumbi ulinyamaza. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa kwanza aliniambia baadaye: "Wanasema kama wanaimba." Hakuna aliyemfundisha alexandrin. Sikio lake lilihesabu bila mimi.

Kwa onyesho la pili niliomba msaada wa neno lile. Mwenzangu alipendekeza "sape", mwingine "madaha", mwalimu wetu "umaridadi". Niliandika panache, hivyo hivyo kwa Kifaransa. Hakuna aliyecheka. Ila dada mmoja alinisimamisha mlangoni kuuliza maana yake, na nilikuwa bado naeleza mlinzi alipokuja kufunga ukumbi.