Ujumbe Umefika, Nani Atashika Jembe?

Leo tuzungumzie jambo linaloonekana kuwa la wataalamu wa kompyuta, kumbe ni letu sote. Ni namna ya kuunganisha mahali watu wanapozungumza na mahali kazi zinapopangwa, ili neno lililosemwa upande mmoja ligeuke kazi upande wa pili, bila karani kulinakili kwa mkono.

Tuchukue mfano. Tuseme katika kata ya Keza, wilayani Ngara, pampu ya maji imeharibika. Siku hizi habari hiyo haisubiri mkutano wa kijiji. Kijana mwenye simu ataipiga pampu picha na kuitupia kwenye kundi la WhatsApp, ambamo wamo wanaokaa kijijini na wale waliohamia Mwanza na Dar es Salaam. Pole zitamiminika. Mmoja atalaumu, mwingine atatania, wa tatu ataleta habari ya msiba, na ile picha itazama. Wakati huo huo, fundi wa maji ana orodha yake ya kazi za wiki, na pampu ile haimo. Kundi limesema, ofisi haijasikia, na mama anaendelea kubeba ndoo kutoka bondeni.

Zamani pengo hilo lilizibwa na mtu. Mjumbe wa nyumba kumi alisikia malalamiko, akayafikisha kwa viongozi wa kijiji, yakaandikwa daftarini, na kikao kikataja jina la mtu wa kuyashughulikia. Njia ilikuwa ndefu, lakini kila hatua ilikuwa na mwenyewe.

Leo kazi ya kubeba neno inaweza kufanywa na programu. Kanuni yake ni nyepesi: likitokea hili, fanya lile. Kwa mfano, mtu akiandika neno "pampu" na jina la kitongoji, programu inafungua kazi mpya katika orodha ya fundi, inaweka tarehe, inabandika picha na kumtumia fundi taarifa. Huduma za kufunga madaraja ya namna hii zimekuwepo kwa zaidi ya miaka 10. Mbili zinazojulikana sana, IFTTT na Zapier, zilianzishwa Marekani mwaka 2010 na mwaka 2011.

Daraja hilo hufanya kazi kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya mtumwa anayekwenda kubisha hodi kila baada ya dakika kadhaa na kuuliza kama kuna jipya. Ya pili ni ya kengele: jukwaa lenyewe hupiga kengele mara tu ujumbe unapoingia. Kengele ni ya haraka zaidi, na haimchoshi mtu kwa maswali yasiyo na majibu. Lakini njia zote mbili zinahitaji jukwaa liwe na dirisha la kuhudumia programu nyingine. Kundi la kawaida la WhatsApp halikutengenezwa kwa ajili hiyo. Ndiyo maana wengi hutumia namba maalumu ya ujumbe mfupi, au Telegram, ambayo huruhusu roboti kuingia kundini.

Afrika Mashariki si wageni wa mambo haya. Mwezi Januari 2008, Kenya ilipokuwa katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, vijana wa huko walitengeneza programu waliyoiita Ushahidi. Wananchi walituma habari za matukio kwa simu au kwa intaneti, nazo zikawekwa kwenye ramani. Programu hiyo ilitumika pia Haiti baada ya tetemeko la ardhi la Januari 2010. Huko watu walituma ujumbe kwa namba 4636, na wafanyakazi wa kujitolea wakautafsiri kutoka Kikrioli na kutafuta mahali ulikotoka, ili waokoaji wajue pa kwenda. Zingatia hapo: katikati ya mashine walikuwepo watu.

Hapa Tanzania tunalo somo letu wenyewe. Shirika la Daraja, lililokuwa na makao yake Njombe, lilianzisha mpango ulioitwa Maji Matone. Mwananchi alitakiwa kutuma ujumbe mfupi kisima kinapoharibika. Ujumbe ukapelekwa kwa mhandisi wa maji wa wilaya, na vyombo vya habari vikafuatilia kama hatua imechukuliwa. Kwa karatasi, ni mpango usio na doa. Katika miezi 6 ya majaribio, lengo lilikuwa kupata ujumbe 3,000. Uliopatikana ni 53.

Mashine haikuharibika. Shirika lenyewe, kwa uungwana unaostahili sifa, lilitangaza hadharani kwamba mpango haukufanikiwa, likaeleza sababu. Mtandao wa simu haukufika kila mahali. Wanaoteka maji ni kina mama na watoto, ilhali simu mara nyingi iko mfukoni mwa baba. Watu wengine walisita kuonekana wanailalamikia serikali. Kubwa zaidi, wengi hawakuamini kwamba ujumbe wao ungeleta fundi. Nani atatumia shilingi zake kupiga hodi katika nyumba asiyotarajia kuitikiwa?

Linganisha na upande wa afya. Tanzania ina mfumo wa kielektroniki wa kufuatilia magonjwa. Mhudumu wa zahanati anapomwona mgonjwa mwenye dalili za ugonjwa wa hatari, anabonyeza namba maalumu katika simu ya kawaida, na taarifa inaingia katika programu ya DHIS2, iliyokuzwa na Chuo Kikuu cha Oslo na kutumiwa na nchi nyingi za Afrika. Programu hiyo nayo inaweza kutuma ujumbe kwa wahusika wa wilaya. Kila taarifa inayo mtoaji anayejulikana na mpokeaji anayejulikana, na mpokeaji huyo analo jukumu la kikazi la kwenda kuangalia.

Sisi wa Kagera tunajua uzito wa jambo hilo. Tarehe 20 Januari 2025 ilitangazwa kwamba ugonjwa wa Marburg umethibitishwa wilayani Biharamulo. Mpaka mlipuko huo ulipotangazwa kuwa umekwisha, tarehe 13 Machi 2025, watu 10 walikuwa wamehesabiwa kuwa wamekufa. Katika ugonjwa kama huo, uvumi wa kijijini kwamba nyumba fulani wanaugua kwa namna isiyo ya kawaida una thamani kubwa, mradi umfikie mtu mwenye wajibu wa kutoka siku hiyo hiyo.

Basi, kwa ofisi, chama cha ushirika, au umoja wa wakazi wa mtaa unaofikiria kufunga daraja la namna hii, nina maneno machache. Kwanza, kila kazi inayofunguliwa iwe na jina la mtu mmoja na tarehe. Kazi iliyoandikwa "idara ya maji" haina mwenyewe. Pili, mtu ahakiki kabla ujumbe haujawa kazi. Watu 10 wakilalamikia pampu moja, mashine isiyosimamiwa itafungua kazi 10, na fundi atazikinai zote. Tatu, tahadhari na mzunguko: jibu linalorudi kundini lisichukuliwe na programu kuwa lalamiko jipya, maana mtaamka asubuhi mkute mamia ya kazi za bure. Nne, lindeni majina ya wanaotoa taarifa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na mwenye kukusanya majina na namba za simu za watu anawajibika nazo.

La tano ndilo linalosahauliwa kuliko yote. Jibu lirudi kwa aliyesema. Fundi akimaliza kazi na kuifunga, programu hiyo hiyo imwambie yule kijana kwamba pampu imetengenezwa, au kwamba kipuri kimeagizwa na kitafika lini. Kuongeza kanuni hiyo moja ni kazi ndogo, lakini ndiyo inayomfanya mwananchi atume ujumbe wa pili.

Mashine huondoa kisingizio cha kutosikia. Baada ya hapo ofisi haiwezi tena kusema haikuambiwa. Kilichobaki ni kuonekana kama inataka kutenda. Kabla ya kununua programu, basi, ulizeni kwanza swali lisilohitaji kompyuta: ujumbe ukishafika, nani hasa atainuka kitini?