Msimu wa Kwanza Rutamba: Wakimbizi wa Msumbiji na Mvua za Lindi

Vita vya ukombozi wa Msumbiji vilianza tarehe 25 Septemba 1964, wapiganaji wa FRELIMO waliposhambulia kituo cha Wareno huko Chai, Cabo Delgado. Kabla mwaka haujaisha, maelfu ya wakulima, wengi wao Wamakonde, walikuwa wameshavuka mto Ruvuma na kuingia Tanzania. Sehemu yao walipelekwa Rutamba, magharibi mwa mji wa Lindi, karibu na ziwa dogo lenye jina hilo na msitu wa Litipo. Makazi hayo yalifunguliwa mwaka 1965, Lindi ikiwa bado ndani ya Mkoa wa Mtwara. Serikali ilitoa ardhi, Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi likachangia fedha, na kazi ya kila siku ikashikwa na TCRS, shirika la Kilutheri lililoanzishwa mwaka 1964.

Mkulima anayehamia Lindi hupimwa kwanza na kalenda. Kusini hakuna vuli na masika zilizotengana kama Tanga au Pwani. Msimu ni mmoja: mvua huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kukatika Aprili au Mei, na mara nyingi katikati yake, kati ya Januari na Februari, hupita siku kadhaa za jua kali zinazonyausha mahindi machanga. Kwa hiyo shamba jipya hufyekwa kuanzia Julai, miti na vichaka vikaachwa vikauke, kisha vikachomwa Oktoba ili majivu yawe tayari ardhini mvua ya kwanza inapodondoka. Vita havikungoja kalenda hiyo. Aliyevuka mto Desemba alikuta wenyeji wameshapanda, na pori alilopewa lilikuwa bichi, halishiki moto. Alichoweza kufanya ni kusafisha kipande kidogo kwa panga na jembe, akapanda kunde na mahindi kidogo, na kutafuta mapando ya muhogo kwa majirani.

Muhogo ndio uliokuwa tegemeo, lakini ni zao la subira. Mahindi huwa tayari baada ya miezi mitatu hadi minne, muhogo huhitaji miezi tisa au zaidi. Ndiyo maana posho ya chakula katika makazi mapya ya kusini haikuwa hisani ya ziada. Familia iliyokatiwa posho mapema ingelazimika kula mbegu yake, na mwaka wa pili ungeanza na njaa ileile ya wa kwanza. Pori lilisaidia kiasi: Wamakonde na wenyeji wao Wamwera wote wanajua kuchimba ming'oko, viazi vya porini vinavyochemshwa na kuliwa mpaka leo Lindi na Mtwara.

Nyumba nayo ina majira yake. Nguzo na fito hukatwa wakati wowote, na udongo wa kukandika kuta hupatikana kwa urahisi mvua zinaponyesha, ila kuta hizo hazikauki. Tatizo kubwa zaidi ni paa. Nyasi za kuezekea hukomaa baada ya mvua kukatika; Januari bado ni changa na huoza upesi. Anayejenga katikati ya msimu huishi chini ya paa linalovuja, penye moshi na mbu, na malaria huwashika watoto kwanza.

Mazao yakishachipua huja kazi ya kuamia. Nguruwe mwitu huingia usiku, tumbili na ngedere mchana, na mkulima hulala shambani kwenye dungu. Shamba la familia moja katikati ya pori haliokoki; mashamba hulimwa yakiwa yamepakana ili ulinzi uwe wa zamu. Hapa ujirani una uzito kuliko msaada wowote wa kutoka nje.

Ujirani huo haukuanzia sifuri. Miongo kadhaa kabla ya vita, Wamakonde wa Msumbiji walikuwa wakivuka mto kukimbia kazi za shuruti na kilimo cha lazima cha pamba chini ya Wareno, wakaajiriwa katika mashamba ya mkonge ya Lindi. Wamakonde, Wamakua na Wayao waliishi kando zote mbili za Ruvuma, mpaka uliokubaliwa na Wajerumani na Wareno mwaka 1886 bila wao kuulizwa. Mkimbizi alikuta jando na unyago vinavyofanana na vya kwao, na Kiswahili alichowahi kukisikia.

Kilichobaki kuwa kigumu ni usafiri. Mvua zilipokolea, barabara ya Dar es Salaam ilikatika kwa matope, na mto Rufiji ulivukwa kwa pantoni hadi Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003. Bandari ya Lindi ilikuwa njia ya uhakika zaidi, lakini kutoka bandarini hadi Rutamba bado lori lilihitaji barabara ya udongo. Chakula na mbegu vilipaswa kufika ghalani kabla ya Desemba.

Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975, na wakimbizi wengi wakarejea kwao. Kwa yeyote anayepanga kuhamishia wakulima kusini, Rutamba inafundisha jambo la vitendo: watu wafikishwe Juni au Julai, nyasi zikiwa zimekomaa na pori likiweza kukauka, na posho ihesabiwe hadi mavuno ya kwanza ya muhogo.