Vipimo vya Mtu Aliye Kwenye Kiti Mwendo

Mlaji anaponunua kiti mwendo, mara nyingi hutajiwa namba moja tu: upana wa kiti, tuseme sentimita 45. Namba hiyo ni ya mahali pa kukalia. Ukijumlisha magurudumu na pete za kusukumia, kiti hicho hicho hufikia takriban sentimita 65, na mikono ya anayesukuma hudai nafasi zaidi. Vidole vya miguu navyo hutokeza mbele ya vikanyagio. Kinachopita mlangoni ni mtu akiwa kitini, na vipimo vyake havimo katika orodha ya muuzaji.

Ili wajenzi wavipate vipimo hivyo, sharti watu wengi wapimwe wakiwa kwenye vyombo vyao wenyewe. Kazi kubwa ya namna hiyo ilifanywa na Chuo Kikuu cha Buffalo, jimbo la New York nchini Marekani, na ripoti yake ikatolewa mwaka 2010. Walipimwa watu wapatao 500: wa viti vya kusukuma kwa mikono, wa viti vya umeme na wa skuta. Kabla ya hapo viwango vya nchi hiyo viliegemea vipimo vya watu wachache waliopimwa miaka ya 1970.

Viwango vya Sheria ya Wamarekani Wenye Ulemavu hutaka nafasi ya kusimamisha kiti yenye urefu wa milimita 1,220, na mduara wa kugeukia wa milimita 1,525. Utafiti ulionyesha kuwa wapo watu wengi wasioenea humo. Kwa kuwa matokeo yalikuwa wazi kwa kila mtu, kamati ya kiwango cha ujenzi kiitwacho A117.1 iliyatumia, na toleo la 2017 likaongeza urefu huo hadi milimita 1,320 na mduara hadi takriban 1,700 kwa majengo mapya. Viwango vya serikali ya shirikisho havijabadilika. Ni mwendo wa kinyonga, tukiri.

Msomaji anaweza kudhani kuwa kazi ya mbunifu ni kutafuta wastani. Sivyo. Mlango uliokatwa kwa upana wa wastani utawazuia karibu nusu ya wanaoutarajia. Katika upana hutazamwa wenye vipimo vikubwa. Katika kufikia vitu hutazamwa wenye mikono mifupi. Chukua kaunta ya duka la dawa. Mwenye mkono mfupi anaitaka iwe chini ili apokee dawa yake bila kuomba msaada, lakini mrefu anayetaka kuisogelea anahitaji nafasi ya kuingiza magoti chini yake. Ukiishusha kwa ajili ya wa kwanza, magoti ya wa pili yanagonga. Namba moja haiwezi kuamua jambo hilo. Mbunifu anahitaji kuona vipimo vya watu wote waliopimwa, toka mdogo hadi mkubwa, ndiyo maana jedwali zima lina thamani kuliko muhtasari.

Kushirikishana takwimu kuna masharti yake. Anayepima hadi ukingo wa kikanyagio na anayepima hadi ncha ya kiatu hawapati jibu moja, na majedwali yao hayawezi kuunganishwa. Wala namba za Buffalo hazitoshi kwa Dodoma au Tanga, ambako wengi husafiri kwa baiskeli za magurudumu matatu zinazoendeshwa kwa mikono, ndefu kuliko kiti cha kawaida.

Basi ukiombwa kupimwa na watafiti, una sababu nzuri ya kukubali, na una haki ya kuuliza kwanza. Taarifa za afya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Uliza nani atazihifadhi, kama zitapewa wengine, na kama picha zitapigwa. Kuondoa jina pekee hakutoshi daima: mwenye umbo lisilo la kawaida anaweza kutambulika kwa vipimo vyake, hasa katika mji mdogo.

Kwa manunuzi yako mwenyewe, usisubiri utafiti. Kaa kitini ukiwa na viatu vya kila siku, mikono ikiwa kwenye pete, mtu mwingine akupime sehemu iliyo pana kuliko zote, kisha kutoka ncha ya kiatu hadi nyuma ya magurudumu. Pima mlango wa chooni ukiwa umefunguliwa wima, kuanzia uso wa ubao hadi fremu ya upande wa pili. Ubao wenyewe hula sentimita kadhaa. Mwambie muuzaji aandike upana wa nje wa kiti kwenye risiti. Kiti kikikwama mlangoni, maandishi hayo ndiyo yatakayoonyesha uliahidiwa nini.