Alihesabu Msitu, Akafukuzwa Kazi

Mwaka 2019 kuna mwanafizikia mmoja wa Brazil alipoteza kazi kwa sababu ya hesabu. Anaitwa Ricardo Galvão, wakati huo mkurugenzi wa INPE, taasisi ya serikali ya utafiti wa anga za juu. Takwimu zake zilionyesha kuwa msitu wa Amazon unakatwa kwa kasi zaidi kuliko mwaka uliopita. Rais Jair Bolsonaro akawaambia waandishi wa habari wa nje kuwa ni uongo. Galvão hakunyamaza, akamjibu hadharani. Agosti ilipoanza, kwisha kazi.

Sasa ndugu msomaji, utauliza: hivi mtu anahesabuje msitu akiwa amekaa ofisini?

Setilaiti za Landsat, ambazo Marekani ilianza kuzirusha mwaka 1972, zinazunguka kilomita kama 700 juu ya vichwa vyetu. Kila moja ya zilizopo sasa inarudi mahali pale pale baada ya siku 16. Picha zake zimegawanyika katika vijiraba, kimoja kikiwa na upana wa mita 30 ardhini. Mti mmoja huuoni, ila shamba jipya huwezi kulificha. Halafu setilaiti inaona kuliko macho yetu. Jani bichi hunywa mwanga mwekundu na kurudisha kwa wingi mwanga ambao sisi hatuuoni, ule ulio jirani na mwekundu. Udongo mtupu haufanyi hivyo. Weka picha ya mwaka jana na ya mwaka huu, palipokatwa panajitokeza penyewe.

INPE wana kazi mbili, na watu wengi wanazichanganya (nadhani wengine makusudi). PRODES ni hesabu ya mwaka, ilianza 1988. Inakwenda taratibu na kwa uangalifu. DETER, ya 2004, ni kengele: ikiona uharibifu inawaambia askari wa mazingira waende haraka. Haihesabu kila kitu.

Je, kengele ilisaidia? Mwaka 2004 zilikatwa kilomita za mraba 27,772. Hiyo ni zaidi ya Rwanda nzima, kwa mwaka mmoja! Kufikia 2012 zilikuwa 4,571. Tusiipe setilaiti sifa zote, maana serikali ilitenga hifadhi mpya, na kuanzia 2008 benki zikatakiwa kuwanyima mikopo wenye mashamba wasiofuata sheria za mazingira. Lakini faini huwezi kumtoza mtu usiyejua amekata wapi.

Wakataji nao si wajinga. DETER ya mwanzo haikuona vizuri eneo dogo kuliko hekta 25, basi jamaa wakaanza kukata vipande vidogo vidogo. Wengine hupenda kujificha chini ya mawingu ya masika. INPE wakaboresha macho yao, na siku hizi kuna setilaiti za rada zinazopenya mawingu. Paka na panya.

Kitu kingine, picha inaweza kudanganya. Shamba la mikaratusi kwa mbali ni kijani kama msitu. Ndiyo maana PRODES inatumia wataalamu wanaokagua picha kwa macho, na eneo likishahesabiwa kuwa limekatwa halirudishwi kwenye msitu wa asili hata likiota majani. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo huishia kuwa malisho ya ng'ombe.

Kwetu huku? Picha hizi zilikuwa zinauzwa hadi dola 600 moja. Mwaka 2008 Marekani ikaziachia bure, kwa hiyo hata wewe ukiwa na kompyuta na intaneti unaweza kuutazama msitu wa Mau kule Kenya, ambao ripoti ya kikosi kazi cha serikali ya mwaka 2009 ilisema ulipoteza karibu robo yake ndani ya miongo miwili. Kasoro ni kwamba setilaiti inaonyesha shamba, haionyeshi hatimiliki iko mfukoni mwa nani.

Turudi kwa Galvão. Kengele za DETER kwa mwaka ulioishia Julai 2019 zilijumlisha karibu kilomita za mraba 7,000, ndizo zilizoitwa uongo. Hesabu kamili ya PRODES ilipotoka, ilizidi 10,000.